Njia Ishukayo Ziwani: Kumbukumbu za Kazi na Biashara katika Mtaa wa Waswahili wa Rumonge

Yafaa katika kijitabu cha ukumbusho pasitajwe misikiti na vyuo peke yake, bali patajwe na mahali watu walipochuma riziki zao. Maana wale waliosimama safu moja katika swala ya Alfajiri ndio walioonekana kitambo kidogo baadaye, mmoja akifungua mlango wa duka, wa pili akitia mafuta cherehani yake, wa tatu akirudi kutoka majini na macho mekundu kwa kukesha. Mtu atakaye kujua Uislamu ulivyokaa Rumonge asiishie mihirabuni. Na aifuate ile njia iliyoshuka kutoka nyumba za mtaa, ikapita sokoni, ikafika pwani ya ziwa, kwani hapo ndipo palipokuwa na maisha ya watu.

Rumonge ni mji wa pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, kadiri ya kilomita 75 kusini ya Bujumbura. Mbele yake ni maji, na ng'ambo ni Kongo, ambako rasi ya Ubwari huonekana siku za anga safi. Nyuma yake inasimama milima, nayo milima hiyo ndiyo ya Buyengero, Burambi na Bugarama. Warundi huita tambarare ya pwani Imbo, na hali ya Imbo na hali ya milimani ni mbali mbali: huku joto, michikichi na samaki, kule baridi, maharagwe na ng'ombe. Kwa hiyo tangu zamani mtu wa Bugarama alikuwa na sababu ya kushuka, na mtu wa pwani alikuwa na sababu ya kumngojea. Walishuka asubuhi na mapema, vikapu vichwani, wenye mihogo, maharagwe na ndizi. Wakapanda jioni wenye ndagala wakavu, chumvi na mawese. Tarafa ya Bugarama ilihesabiwa katika Bujumbura Vijijini hata mwaka 2015, ndipo ikatiwa katika mkoa mpya wa Rumonge. Walakini vikapu vilikuwa vimekwisha kuijua njia ya kushukia ziwani kabla ya karatasi hizo kupigwa muhuri.

Asili ya mtaa huu haina budi kutafutwa Ujiji. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliwakuta Waarabu na Waungwana wa pwani wamekwisha kukaa hapo, na mitumbwi ikienda na kurudi kwa ukingo wa Burundi mpaka Uvira. Biashara ya ziwa ilikuwa na sarafu yake, nayo ni ushanga mdogo ulioitwa sofi, uliotungwa katika nyuzi na kuhesabiwa sokoni kama zihesabiwavyo fedha leo. Chumvi ilitoka Uvinza. Mawese yalitoka katika michikichi ya pwani ya Burundi. Nguo zilitoka mbali, mabegani mwa wapagazi, kutoka Bagamoyo na Unguja. Wala si haki kuficha kwamba pamoja na chumvi na mawese waliuzwa na watu. Pembe na watumwa vilikuwa mali ya wakubwa wa Ujiji, na wazee wengi wa mtaa, ambao wajukuu zao leo hujiita Waswahili bila ya kusita, waliletwa ufukweni hapo wakiwa watoto, wala hawakuijua tena njia ya kurudi kwao. Historia ikiandikwa na warithi wa tajiri peke yao hupungukiwa nusu yake.

Mwaka 1879 wamisionari wa Kifaransa, wale Mapadri Weupe, walijenga Rumonge. Mwaka 1881 watatu katika wao wakauawa hapo kwa ugomvi na watu wa pwani, na waliosalia wakaondoka. Ujiji nako alikuwako Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza, mtu mwenye nguvu kuliko wote upande wa kaskazini wa ziwa. Alijaribu kuitia Burundi mkononi mwake, asiweze. Mwami Mwezi Gisabo alimzuia, na milima ikamsaidia Mwami. Basi Waswahili walibaki ukingoni. Nguvu za Rumaliza zilivunjwa na Wabelgiji wa Kongo mwaka 1894, na baadaye alirejea Unguja, lakini wale wadogo waliokuwa chini yake, wapagazi, wapiga makasia, mafundi na wake zao, hawakuwa na Unguja ya kurejea. Wakakaa ziwani. Walikuwa Wamanyema, Wabwari, Wabembe, Wajiji, Waha, na Warundi wa pwani waliosilimu na kuchanganyika nao kwa ndoa. Lugha yao ikawa Kiswahili, na dini yao ikawa ndiyo kabila lao.

Jambo moja linalosahauliwa ni kwamba ufukwe wenyewe ulikuwa mgeni kama wakaao juu yake. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutoa maji, nao ni Lukuga, upande wa Kongo. Mto huo ulikuwa umezibwa kwa mchanga na majani muda mrefu, na maji ya ziwa yakawa juu sana. Kadiri ya mwaka 1878 kizibo kikavunjika, na katika miaka kama kumi na mitano iliyofuata ziwa likashuka mita zipatazo 10. Maana yake ni kwamba sehemu za chini za pwani, ambako baadaye watu walijenga vibanda, wakaanika samaki na kuchonga mashua, zilikuwa kitanda cha ziwa katika siku za misafara ya kwanza. Watu walilifuata ziwa liliporudi nyuma, wakajenga katika mahali pake. Neno hili litarudi mwisho wa habari hii.

Wajerumani walijenga boma la Usumbura mwaka 1897, na askari wao walisema Kiswahili. Karani, mkalimani na mpishi wa boma walikuwa aghalabu Waislamu. Kisha ikaja malale. Mbung'o wa pwani waliua watu wengi, na serikali ya Kijerumani ikawahamisha watu kutoka sehemu za ukingo na kukata vichaka, hata mahali palipokuwa na vijiji pakawa kimya. Mwaka 1914 reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, na mwaka 1916 Wabelgiji wakaitwaa nchi. Mambo haya mawili ndiyo yaliyoifanya njia ya Rumonge kuwa njia ya biashara. Kwa mapatano ya mwaka 1921 Wabelgiji walipewa na Waingereza mahali pao katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, na bidhaa za Ruanda-Urundi zikawa zinashuka treni Kigoma na kupandishwa vyombo vya ziwani. Meli iliyokuwa Graf Goetzen ya Wajerumani, iliyozamishwa mwaka 1916 na kuzuliwa na Waingereza, ilianza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Rumonge haikuwa bandari kubwa. Lakini mahali papitapo mashua hapakosi duka, na penye duka hapakosi fundi.

Hapa pana swali ambalo vijana huuliza: kwa nini wazee wao wote walikuwa washonaji, wavuvi, madereva na wenye maduka, wala hawakuwa makarani na waalimu? Jibu si uvivu wa elimu, kama walivyopenda kusema waliowacheka. Katika zama za Wabelgiji shule zilikuwa mikononi mwa misheni. Mzazi Mwislamu alipompeleka mwanawe shuleni alihofu kumpoteza katika dini. Asipompeleka, alijua amemfungia mlango wa ofisi. Wengi walichagua chuo cha Kurani asubuhi na kazi ya mkono mchana. Kiswahili nacho, kilichokuwa lugha ya boma kwa Mjerumani, kikaondolewa heshima yake, na sehemu za Waswahili zikatengwa na utawala wa machifu. Shule zisizo za dini zilianza kuonekana katika miaka ya 1950 tu. Basi ikawa kwamba watu waliokuwa wamefungiwa milango miwili, wa shamba la ukoo na wa ofisi, walijifungulia wa tatu, nao ni mlango wa mbele wa nyumba zao, unaotazama njia.

Maduka makubwa yalikuwa ya Waarabu na Wahindi. Ndani yake mlikuwa giza na baridi, na harufu ya nguo mpya ikichanganyika na ya mafuta ya taa na sabuni. Palikuwa na merikani, kaniki, kanga, majembe, sukari na chumvi. Mezani palikuwa na mizani, na chini ya meza palikuwa na daftari. Daftari hilo ndilo lililotawala njia nzima. Mvuvi alichukua nyuzi, mafuta ya taa na unga kabla ya kuingia majini, akalipa aliporudi. Mshonaji alichukua majora, akalipa baada ya sikukuu. Mwenye michikichi alikopa kwa mavuno ambayo yangali juu ya mti. Riba ni haramu, nayo haikutajwa kabisa. Bei ya mkopo ilikuwa juu kuliko bei ya fedha taslimu, na kila mtu alijua sababu, na hapana aliyeuliza.

Barazani mwa maduka walikaa washonaji. Mwenye duka aliwapa kivuli, nao wakamwuzia nguo zake, kwani aliyenunua kitambaa hakwenda hatua kumi kabla ya kukishona. Cherehani ya Singer ilikuwa mali ya kurithiwa, na fundi aliyeimiliki yake mwenyewe alihesabiwa mtu mzima katika ndoa na katika shauri. Walishona kanzu, suruali za kaptula, magauni ya wake wa milimani na sare za shule ambazo watoto wao wenyewe hawakuzivaa. Mwanafunzi wa ushonaji alianza kwa kufagia, kisha kutia vifungo, kisha kushona mapindo. Mkasi hakupewa mpaka mwalimu wake asadiki kwamba hataharibu nguo ya mtu. Kofia zilikuwa kazi ya wanawake majumbani, nazo zilichukua majuma mengi ya sindano. Anayesema kwamba wanawake wa mtaa hawakufanya biashara hajapata kununua kofia nzuri.

Walakini cherehani, duka, hata chuo, vyote vilifuata amri ya kitu kimoja, nacho ni mwezi wa mbinguni. Ndagala, ambao watu wa Kigoma huwaita dagaa, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani mvuvi aliwasha kuni mbele ya mtumbwi, akawateka samaki kwa wavu wa mpini uitwao lusenga. Katika miaka ya 1950 zikaenea karabai, na mnamo mwaka 1957 wavuvi wakaanza kufunga mitumbwi miwili pamoja kwa boriti na kushusha wavu mpana katikati yake. Samaki hukusanyika chini ya mwanga, ndipo wavu ukainuliwa. Katika miaka hiyo hiyo Wagiriki wa Usumbura walileta vyombo vya injini na nyavu kubwa za kuzungusha, na wazee walilalamika kwamba ziwa litakwisha. Lakini taa, iwe ya mdogo au ya mkubwa, haina kazi mwezi ukiwa mpevu. Mbalamwezi ikienea juu ya maji samaki hutawanyika, wala hawaijali karabai. Kwa hiyo kila mwezi zilikuwako siku kadhaa ambazo hakuna aliyeingia majini.

Siku hizo njia ilibadilika sura. Nyavu zilitandazwa mchangani zikishonwa, mashua ziligeuzwa kifudifudi, karabai zilipelekwa kwa fundi. Fedha ikawa haba, daftari likajaa. Na kwa kuwa kalenda ya Kiislamu huandama mwezi huo huo, mapumziko ya wavuvi yaliangukia siku za kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano, ambazo ni sunna kuzifunga. Wavuvi wengi walizifunga. Wenye mzaha walisema kwamba ni thawabu ya bei nafuu, maana siku hizo hata asiyefunga hakuwa na kitoweo.

Shida ilikuja Ramadhani. Kumi la mwisho, ambalo Mwislamu hutakiwa kukesha kwa ibada akiutafuta usiku wa cheo, ni kumi la giza, na giza ndilo soko la mvuvi. Usiku wa ishirini na saba msikiti ulikuwa umewashwa taa, na ziwa nalo limewashwa taa. Tena mbele yao palikuwa na Idi: nguo za watoto zipo kwa mshonaji zikingoja malipo, mshonaji anadaiwa na duka, na duka linadaiwa na tajiri wa Usumbura. Mvuvi asipokwenda majini njia nzima hukwama. Walioketi msikitini usiku huo waliwaombea walio majini, na walio majini walisoma walichokihifadhi huku wakiangalia wavu. Walimu waliokuwa na hekima hawakuwalaumu. Alfajiri mashua zilipofika pwani hapakuwa na aliyeuliza nani alikesha wapi. Ndagala walimwagwa mchangani wakaanikwa, na kabla ya jua kutua walikuwa wakavu, na fedha imeanza kupanda njia, kutoka mkono hadi mkono, mpaka mlangoni kwa mwenye daftari.

Mawese yalikuwa na mwendo wa taratibu zaidi. Mkwezi alikata mikungu. Chikichi zikaambuliwa, zikachemshwa katika pipa, zikapondwa au kukamuliwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mikono, watu wawili au watatu wakisukuma mti wake kama wanavyozunguka ng'ombe wa kinu. Mafuta yakaenguliwa, yakachemshwa tena ili maji yatoke. Makapi yakawa kuni za mpishi wa kesho, na kokwa zikapasuliwa na wanawake na watoto ili kutoa mise. Hapakutupwa kitu. Mafuta yalitiwa katika madebe, na madebe yakapakiwa katika malori ya Bujumbura. Wabelgiji walihimiza upandaji wa michikichi Imbo, na serikali ya Burundi baada ya uhuru ikaendeleza mashamba hayo kwa miradi mikubwa. Hata leo atajaye Rumonge mbele ya Mrundi wa mbali, mawese ndiyo yamjiayo mdomoni.

Mafundi wa mashua walikaa mwisho kabisa wa njia, mahali pasipo kivuli. Magogo makubwa ya mitumbwi yalitoka misitu ya ng'ambo. Mashua za mbao zilijengwa hapo hapo, ubao juu ya ubao, na nyufa zikakalafatiwa kwa pamba na mafuta. Fundi hakuwa na karatasi ya vipimo. Alipima kwa mkono na kwa jicho, na chombo kilichotoka mkononi mwake kilibeba watu thelathini katika mawimbi ya kusi.

Haifai kusema kwamba njia ilikuwa ya wachamungu tupu. Katikati yake, si mbali na soko, paliuzwa pombe ya ndizi, na tangu kiwanda cha Brarudi kilipofunguliwa Usumbura mwaka 1955, chupa za bia zilifika na malori yale yale yaliyochukua mawese. Watu wa milimani walipouza mizigo yao walipumzika hapo, na si kila kanzu ilipita moja kwa moja. Lakini mtaa ulikuwa na mahali pake pa kukutania, napo ni hotelini, yaani chumba cha mabenchi mawili, chai ya maziwa, maandazi na vitumbua, na mukeke wa kuchoma jioni. Hapo habari za Kigoma zilifika kabla ya gazeti. Hapo madereva na mautingo walisimulia barabara ya Usumbura, gema kwa gema. Hapo ndoa ziliposwa na madeni yakasamehewa, na katika siku za Maulidi wenye hoteli walifunga mapema ili wasionekane kuuza chai wakati wengine wanasoma.

Hotelini na barazani ndiko siasa ilikoingilia pia. Mwaka 1957 Mwanamfalme Louis Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanya biashara wa Kirundi, akitaka wenye maduka madogo waweze kununua pamoja na kuuza mazao yao bila ya kulazimika kwa tajiri mgeni. Ushirika ule haukudumu. Fedha zilikosekana na serikali ya Kibelgiji haikuupenda. Lakini Waswahili wa Buyenzi, mtaa mkubwa wa Waislamu katika Usumbura, walimwelewa upesi, maana alisema juu ya daftari, nao walilijua daftari. Habari zilisafiri kwa malori mpaka pwani yote. Chama chake cha UPRONA kilipata viti 58 katika 64 katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba mwaka ule ule akauawa kwa risasi katika hoteli iliyo kando ya ziwa, Usumbura. Uhuru ulipokuja tarehe 1 Julai 1962 hakuuona.

Miaka kumi haikutimia. Tarehe 29 Aprili 1972 mashambulio yalianza katika sehemu za kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwamo, na watu wengi, Watutsi hasa, wakauawa. Kisha majeshi ya serikali yakalipiza, si Rumonge tu bali nchi nzima, na Wahutu wanaohesabiwa kuwa laki moja au zaidi wakapoteza maisha. Pwani ilikuwa na mlango ambao milima haikuwa nao: ziwa. Mashua zilizobeba ndagala zilibeba watu usiku, zikaelekea Kigoma. Kutoka huko wengi walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ndani kabisa ya Tanzania, mbali na maji, wakajifunza kulima tumbaku. Maduka yakafungwa. Michikichi haikungoja, iliendelea kuzaa, na wengine wakavuna, wengine wakapewa mashamba hayo kwa karatasi za serikali, wakajenga, wakazaa watoto juu yake.

Ndiyo sababu habari za njia hii si maongezi ya wazee wasio na kazi. Baada ya mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 wakimbizi walianza kurudi, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya taifa ya ardhi na mali. Rumonge ikawa katika sehemu zenye mashauri mazito kuliko zote. Mtu amekuja na kumbukumbu; mwenziwe ana karatasi; wote wawili wana watoto. Katika mashauri kama hayo mzee awezaye kusema ni nani aliyeshona katika baraza gani, kisima kilikuwa upande upi wa duka la Mhindi, na mwembe wa nani ulitia kivuli mashua za nani, huyo amekuwa shahidi. Na shahidi anaweza kukosea, tena anaweza kuelekea upande wa jamaa yake. Kwa hiyo ni wajibu kumbukumbu hizo zikusanywe wangali hai wengi, ili neno la mmoja lipimwe kwa neno la mwingine, kabla halijabaki la mmoja tu.

Jina la Mswahili lenyewe limekuwa na mashaka yake. Milimani mtu akimwita mwenziwe Mswahili huenda anakusudia mjanja, asiyeaminika katika mizani. Tusi hilo lilizaliwa sokoni, na huenda mizani nyingine zilistahili. Walakini watu hao hao, ugomvi wa Wahutu na Watutsi ulipowaka tena baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, walijulikana kwa jambo jingine: Buyenzi, mtaa wao mkuu, uliendelea kuwa mahali ambapo watu wa kabila zote walilala nyumba kwa nyumba, wakati mitaa mingine ya mji ilipogawanyika.

Njia ya leo si ile. Vikwazo vya biashara ambavyo nchi jirani ziliiwekea Burundi kuanzia mwaka 1996 hata 1999 vilivunja maduka mengi yaliyotegemea bidhaa za Kigoma. Nguo zilizokwisha kushonwa, mpya na kuukuu, zimewapunguzia washonaji kazi. Vyombo vikubwa vya nyavu za kuzungusha vilitoweka polepole baada ya samaki kupungua, na siku hizi si mwezi peke yake uamuruo mapumziko: mwaka 2024 Tanzania iliufunga uvuvi katika upande wake wa ziwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Karabai nazo zimeachia nafasi taa za betri. Mafundi waliokuwa wakizibua njia za mafuta na kubadili kile kitambaa cheupe kinachowaka sasa hufungua betri na kuunganisha nyaya, nao hufanya hivyo kwa mikono ile ile yenye madoa.

Na ziwa limeanza kudai mahali pake. Lilipanda katika miaka ya mwanzo ya uhuru, likarudi. Likapanda tena kuanzia mwaka 2020, na mpaka mwaka 2024 maji yalikuwa yameingia katika nyumba nyingi za Kanyenkoko, mtaa wa wavuvi wa Rumonge. Kuta za matofali mabichi ziliyeyuka, na za matofali ya kuchoma zikasimama majini hazina madirisha. Wenye nyumba waliyapandisha makabati na magodoro yao kwa njia ile ile, wakakaa kwa jamaa au wakapanga vyumba karibu na soko. Mashua hufungwa sasa kwenye nguzo za baraza ambazo chini yake watu walikuwa wakinywa chai.